Sekunde Arobaini za Katikati

Mechi moja ya mpira wa Kimarekani kati ya vyuo vikuu huchukua saa tatu na nusu hivi, na katika muda wote huo mpira wenyewe huwa hai kwa dakika zisizofika 20. Piga hesabu: majaribio 150 au zaidi kidogo, kila moja sekunde tano au sita. Mpira unapitishwa nyuma, wanaume 22 wanagongana, mmoja anaangushwa, filimbi inalia. Halafu wote wanainuka, wanajipangusa nyasi, wanageukia benchi kupokea maagizo ya jaribio linalofuata. Tangu 2008 kanuni za vyuo zimewapa sekunde 40 za kufanya hivyo. Ukijumlisha matangazo ya biashara, mapumziko ya dakika 20 na marefa wanaosimama kungoja uamuzi wa picha za marudio, utamwelewa mtu aliyelelewa na soka anapouliza hawa jamaa wanacheza saa ngapi.

Mimi mchezo huu niliuingilia kwa mlango wa nyuma. Wanaogongana hawanivutii sana. Wananivutia watu walioketi ndani ya gari refu lisilo na madirisha, nje ya uwanja, mbele ya ukuta wa skrini. Kazi yao ngumu si zile sekunde tano. Zile hujitangaza zenyewe: kamera ya juu, katikati ya jukwaa, inaufuata mpira, basi. Ngumu ni zile arobaini zinazofuata, ambazo hakuna kinachotokea na mtazamaji ana rimoti mkononi. Miaka zaidi ya 80 ya ufundi huu ni habari ya watu waliojifunza, kidogo kidogo, nini cha kutia mle.

Mwanzoni hawakutia kitu kwa sababu hawakuwa nacho. Tarehe 17 Mei 1939 kituo cha majaribio cha NBC mjini New York kilirusha mechi ya besiboli kati ya Columbia na Princeton kutoka uwanja wa Baker Field, na ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kwanza katika televisheni ya michezo ya Marekani. Kamera ilikuwa moja. Bill Stern alitangaza, Princeton wakashinda 2–1 katika awamu ya kumi, na ile kamera ikashinda inageuka huku na huku ikiuwinda mpira mdogo mweupe ambao aghalabu haukuonekana. Tarehe 30 Septemba mwaka huohuo ikaja zamu ya mpira wa Kimarekani, Fordham dhidi ya Waynesburg. Ukiwa na kamera moja, mchezo ukisimama nawe unasimama. Unabaki ukitazama migongo ya watu.

Aliyekataa kusimama aliitwa Roone Arledge. Mwaka 1960 ABC ilikuwa imepata haki za kuonyesha mpira wa vyuo, na Arledge, kijana wa miaka 29, akawaandikia wakuu wake waraka ambao hadi leo husomwa na wanaojifunza kazi hii. Hoja yake ilikuwa kwamba mpaka hapo televisheni imempelekea mtazamaji mchezo. Yeye anataka kumpeleka mtazamaji mchezoni. Alitaka kamera za kubebwa begani, vipaza sauti vya kunasa kishindo cha mabega, nyuso za makocha, washangiliaji, mabango, akina mama wa jukwaani. Mechi yake ya kwanza ilichezwa Birmingham, tarehe 17 Septemba 1960, Alabama na Georgia.

Hiyo ilikuwa mechi ya konferensi, na sidhani kama ni jambo dogo. Vyuo vya Marekani havina ligi moja ya taifa. Vimejikusanya katika jumuiya zinazoitwa hivyo, na nyingi zilianzia kwenye ujirani: Big Ten ya majimbo ya kaskazini ya kati tangu 1896, SEC ya kusini tangu 1932. Majirani hukutana mwaka hata mwaka. Wameoana, wanafanya kazi ofisi moja, wanasali kanisa moja, na kisasi cha Jumamosi moja hulishwa kwa miezi kumi na miwili. Arledge alitambua kwamba mali ya kujazia nafasi iko palepale jukwaani. Mpira ukisimama, mtafute anayeng'ata kucha kwa sababu shemeji yake amekaa safu ya mbele na jezi ya upande wa pili.

Miaka mitatu baadaye mwongozaji wa CBS, Tony Verna, akatia katika nafasi ileile kitu ambacho hapo kabla hakuna aliyekiona: zile sekunde tano zilizokwisha kupita. Ilikuwa Philadelphia, tarehe 7 Desemba 1963, Army na Navy, mechi iliyosogezwa mbele kwa sababu ya msiba wa Rais Kennedy. Vyuo hivyo vya jeshi havikuwa katika konferensi, lakini kila mechi ya konferensi iliyorushwa tangu siku ile ina deni kwao. Verna alisafirisha kutoka New York mashine ya kurekodi ya Ampex yenye uzito uliopita nusu tani. Kurekodi halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kujua utepe umefika wapi, maana mashine zile zilichukua muda kutulia baada ya kuwashwa, na hapakuwa na njia ya haraka ya kuiona sehemu unayoitafuta. Dawa yake ilikuwa milio: alirekodi milio mifupi kwenye njia ya sauti isiyokwenda hewani, ili utepe ukirudishwa ajue kwa sikio jaribio linaanzia wapi.

Mara kadhaa siku ile marudio yaliharibika. Utepe ulikuwa umetumika kabla, na mabaki ya vipindi vya zamani yakawa yanachungulia. Robo ya mwisho Rollie Stichweh wa Army akaingia na mpira eneo la mwisho, milio ikasikika sawasawa, na Verna akaruhusu picha itoke. Watazamaji wakamwona Stichweh akiingia mara ya pili, kwa mwendo wa kawaida kabisa, na mtangazaji Lindsey Nelson ikambidi awatoe wasiwasi kwamba Army hawajafunga tena. Navy walishinda 21–15. Watu husifu wazo la marudio. Mimi nasifu ile milio. Wazo linaweza kumjia mtu yeyote akiwa amelala. Kuuona utepe kwa sikio ndio ufundi.

Leo mechi kubwa ya SEC au Big Ten ina kamera kuanzia dazeni moja hadi zaidi ya ishirini. Tatu zipo juu, moja katikati na mbili kwenye mistari ya karibu na yadi 25 za kila upande. Nyingine ziko nyuma ya nguzo, nyingine juu ya kigari kinachokwenda na kurudi kando ya mstari, nyingine mabegani mwa watu, na moja inaning'inia kwenye nyaya nne juu ya vichwa vya wachezaji, uvumbuzi wa Garrett Brown, yuleyule aliyebuni Steadicam ya watengeneza filamu. Kila mshika kamera ana kazi moja mpira ukiwa hai na kazi nyingine filimbi ikilia. Mmoja humkimbilia aliyefanya, mmoja aliyefanyiwa, wa tatu kocha, wa nne anazunguka jukwaani akitafuta uso utakaosema jambo. Mwongozaji huita namba, kwanza ya kuweka tayari, kisha ya kuchukua, na fundi aliye kando yake anabonyeza. Safu ya nyuma wapo watu wa marudio, kila mmoja ana kamera zake zinazorekodiwa bila kukoma, wanasema kwa mkato nani amekipata nini. Mtayarishaji anachagua. Mwongozaji wa namna hii ni kama mcheza bao: mkono uko kwenye shimo moja, macho yamekwishafika mashimo matano mbele.

Halafu lazima warudi kwa wakati. Hakuna kosa linalochukiwa kama kukuta jaribio limekwisha anza wakati wewe bado unaonyesha marudio ya lililopita. Na vyuo vimefanya kazi hii kuwa ngumu kwa makusudi. Oregon ya kocha Chip Kelly, katika konferensi ya pwani ya Pasifiki, ilianza kuita jaribio jipya kabla wapinzani hawajapata pumzi, na timu nyingi zikaiga. Zile sekunde arobaini zikawa kumi na tano au chini ya hapo. Wataalamu wa kujaza nafasi wakanyang'anywa nafasi yenyewe. Walichofanya kinanifurahisha: walijinyima. Marudio yakawa moja badala ya matatu, yakafupishwa, mengine yakawekwa kwenye dirisha dogo pembeni mwa skrini, na kamera ya katikati ikakaa hewani muda mrefu kuliko zamani. Mechi za Oregon ya miaka ile zina picha chache za nyuso, na ndivyo ilivyopaswa.

Kuna watu ndani ya gari lile ambao mtazamaji hawezi kujua kwamba wapo, na nadhani ndio ninaowahusudu zaidi. Mmoja huangalia mwanga wa kila kamera. Kwa miaka mingi mechi kuu ya SEC kwenye CBS ilianza saa tisa na nusu alasiri kwa saa za mashariki, yaani saa nane na nusu kule Alabama. Mwezi wa Novemba jua la saa hizo huteremka nyuma ya jukwaa la magharibi, nusu ya uwanja inawaka na nusu iko gizani. Mchezaji anayekimbia na mpira huuvuka mpaka huo katika hatua mbili. Fundi wa mwanga anaifungua lenzi akiwa anamfuata, kwa kiasi ambacho kivuli hakimezi jezi wala nyasi hazigeuki nyeupe. Akifaulu hakuna anayejua kwamba kuna jambo lilifanyika. Mchana kutwa hulipwa kwa kutoonekana.

Mwingine ni wa sauti. Chuo kina bendi, na bendi ya chuo kikubwa ina mamia ya watu na matarumbeta yao. Ukiiacha ifunike, mtangazaji hasikiki. Ukiizima, uwanja unakufa. Kando ya mstari wanakimbia watu wenye vipaza sauti vyenye sahani mfano wa bakuli kubwa, wakinasa sauti ya kwotabeki akiita namba na kofia zikigongana. Hapa ndipo uzoefu wa konferensi unapolipa. Vikosi vya matangazo hurudi viwanja vilevile kila mwaka na vinajua kila mahali pana ada gani. Anayekwenda Knoxville anajua bendi ya Tennessee itarudia “Rocky Top” siku nzima na watu wapatao laki moja wataitikia, kwa hiyo hafungi sauti ya jukwaani ili kumpisha mchambuzi. Anayekwenda Iowa City anajua kwamba tangu 2017, robo ya kwanza ikiisha, uwanja mzima, wachezaji wa pande zote mbili na marefa pamoja nao, hugeuka kuwapungia mkono watoto waliolazwa katika hospitali inayochungulia uwanja kutoka juu. Ratiba inasema hapo ni biashara. Mwongozaji mwenye akili anaichelewesha biashara.

Kisha kuna mstari wa manjano. Ulitokea hewani kwa mara ya kwanza tarehe 27 Septemba 1998 katika mechi ya wachezaji wa kulipwa, ukahamia vyuoni upesi, na sasa watoto huingia uwanjani wakashangaa haupo. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Mstari unaonyesha zinakoishia. Kuuchora ni kazi ya kutisha. Uwanja haujanyooka, umebinuka katikati ili maji ya mvua yatiririke, kwa hiyo hupimwa mapema na umbo lake likaingizwa kwenye kompyuta. Kila kamera inayohusika ina vihisi vinavyosema imegeuka kiasi gani, imeinama kiasi gani, imevuta picha kiasi gani. Kompyuta huuchora mstari upya katika kila picha, tena chini ya miguu ya watu, kwa kuwa imeambiwa rangi zipi ni za nyasi na zipi si za nyasi. Hapo ndipo panapobaki pa binadamu. Michigan State huvaa kijani. Theluji ikianguka nyasi zinageuka. Kivuli kikisogea, kijani cha saa nane si kijani cha saa kumi. Boise State wana uwanja wa buluu. Kuna mtu amekaa pale akirekebisha rangi mchana kutwa ili mstari usimpande mchezaji mguuni. Arledge aliijaza nafasi kwa watu, Verna kwa yaliyopita. Mstari huu umeijaza kwa yanayokuja. Mtazamaji hangoji tena kwa uvivu. Anapima.

Yote hayo yalikuwa tayari mezani tarehe 30 Novemba 2013, uwanja wa Jordan–Hare, mjini Auburn, na kilichojaza nafasi kubwa kuliko zote siku ile hakikuwa hata kimoja kati ya hivyo.

Alabama walikuwa wa kwanza nchini, Auburn wa nne. Jimbo moja, konferensi moja, na mshindi angekwenda kwenye fainali ya SEC. CBS ilikuwa na Verne Lundquist kwenye kipaza sauti na Gary Danielson kama mchambuzi. Mechi ilianza juani ikaishia chini ya taa. Matokeo yakiwa 28–28 mchezaji wa Alabama alitoka nje ya mstari na saa ikasomeka sifuri. Kocha wa Alabama, Nick Saban, akadai kwamba muda ulikuwa umebaki. Marefa wakatazama marudio, wakarudisha sekunde moja. Sekunde moja! Alabama wakaamua kupiga mpira kupitia nguzo kutoka yadi 57, mbali mno, wakamtumia mpigaji kijana, Adam Griffith. Auburn wakamsimamisha Chris Davis peke yake chini ya nguzo, kwa sababu mkwaju ukipungua nguvu mpira bado ni mali halali ya anayeudaka.

Fikiria kilichokuwa ndani ya gari. Kwa mkwaju wa namna hii kila kamera ina amri zake: moja imfuate mpigaji, moja nguzo, moja benchi la Alabama wakishangilia, moja la Auburn wakishangilia, na wote wanajiandaa kwa muda wa nyongeza. Uwezekano wa mpira kurudishwa hutajwa kwenye kikao cha asubuhi kama vile rubani anavyotaja mlango wa dharura. Mpira ukapungukiwa. Davis akaudaka yadi tisa hivi ndani ya eneo la mwisho, akasita, akakata kushoto. Mbele yake kikosi cha Alabama kilijaa majitu mazito yaliyoletwa kumlinda mpigaji, si kukimbizana na mtu. Alikimbia urefu wote wa uwanja akifuata mstari wa pembeni, na Auburn wakashinda 34–28 saa ikiwa imekwisha zamani.

Nimeitazama rekodi ile mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri mbele ya jamaa zangu, na kinachonirudisha ni utulivu. Davis hapotei kwenye picha. Vizuizi vya wenzake vinaonekana, mstari wa pembeni unaonekana, na unaweza kuhukumu mwenyewe kama mguu wake uliukanyaga. Katika sekunde zisizozidi kumi na tano hakuna aliyetaka kuonyesha ujanja, ingawa wengi pale walikuwa na vifaa vya kufanyia ujanja. Na Lundquist? Alimtaja Davis, akavitaja vizuizi, akahakikisha hakuna kitambaa cha refa cha kuonyesha kosa kilichorushwa, akatangaza alama, akasema sala imejibiwa. Wenye kumbukumbu walielewa: wiki mbili kabla, palepale, Auburn walikuwa wameifunga Georgia 43–38 kwa mpira wa kubahatisha uliogonga mikono ya walinzi ukaangukia mwenzao, na watu walikuwa bado wanauita mwujiza.

Halafu akanyamaza. Danielson naye akanyamaza. Kwa muda ambao kwenye televisheni ni mrefu mno, kama dakika hivi, hakuna aliyesema neno. Watu walimwagika uwanjani, kelele zikapanda, picha zikabadilika moja baada ya nyingine, na wazee wawili waliolipwa kwa kusema wakakaa kimya. Lundquist alikuwa na miaka 73 (nusu karne na ushei ya kutangaza) na nadhani kijana asingeweza. Kijana angetaka jina lake liwemo.

Sisi tuliokulia kwenye redio ya Kiswahili hatuna budi kulipokea jambo hili kwa shida. Leonard Mambo Mbotela wa Sauti ya Kenya na Ahmed Jongo wa Redio Tanzania walitulea kwa wingi wa maneno, na ilikuwa haki yao: mtangazaji wa redio akinyamaza, uwanja umezimika. Mpira uko wapi, nani anao, anaelekea lango lipi, jukwaa linasemaje, yote yalitoka kinywani mwake. Jioni ileile mtangazaji wa redio ya Auburn, Rod Bramblett, alipaza sauti hadi ikamkauka, na kazi yake ni nzuri sawa na ya Lundquist, kwa kuwa alikuwa na kazi nyingine. Kasoro ninayoisikia katika matangazo mengi ya televisheni, ya kwao na ya kwetu, ni mtu wa redio aliyepewa picha na asijue la kufanya nayo. Keith Jackson wa ABC, aliyetangaza mpira wa vyuo hadi Januari 2006, alilijua hilo kwa asili. Mtu wa Georgia mwenye sauti nzito, alizoea kumpisha mchezaji apite kwanza ndipo yeye aseme.

Fedha zinataka sehemu yao katika habari hii, na nitazipa fupi. Kabla ya 1984 chama cha NCAA ndicho kilichoamua chuo gani kionyeshwe na mara ngapi. Mwaka huo Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi iliyofunguliwa na vyuo vya Oklahoma na Georgia, iliuvunja utaratibu huo kwa kura saba dhidi ya mbili; mmoja wa wawili waliopinga alikuwa Jaji Byron White, aliyewahi kuwa nyota wa mpira wa Chuo cha Colorado. Konferensi zikaanza kujiuzia haki zenyewe. Big Ten ikafungua kituo chake cha televisheni mwaka 2007, SEC 2014, ACC 2019. Mikataba ikafika mabilioni ya dola, na fedha zikaanza kula ujirani uliozizaa: tangu 2024 UCLA ya Los Angeles na Rutgers ya New Jersey ni wenzi wa konferensi moja, bahari hadi bahari. Wanaoongoza matangazo hawakuulizwa. Wanajikuta wakitafuta jukwaani shemeji ambaye hayupo.

Lakini vituo hivyo vilileta jambo ambalo nadhani halijatazamwa vya kutosha. Kituo kikiwa hewani siku saba hakiwezi kuishi kwa mpira wa Kimarekani wa Jumamosi. Kinahitaji voliboli, soka ya wanawake, mieleka, kuogelea, softiboli. Kwa hiyo vyuo vikajenga vyumba vya udhibiti chuoni, vikavuta nyaya hadi kila uwanja, na vikawapa wanafunzi kamera. Big Ten ina mpango mzima wa matangazo yanayofanywa na wanafunzi. Mechi nyingine huongozwa kutoka mji mwingine kabisa, kamera zikiwa uwanjani na mwongozaji akiwa mbali na jasho la washika kamera wake. Ni nafuu, na mimi siipendi, ingawa bila nafuu hiyo mechi nyingi za wanawake zisingeonekana kamwe.

Riadha ndiyo inayowatesa. Tunaowafuatilia vijana wetu katika vyuo vile, tangu Henry Rono wa Washington State hadi Edward Cheserek wa Oregon aliyetwaa mataji 17 ya NCAA, tunajua mbio za meta 10,000 zina tatizo lililo kinyume: hazina nafasi ya katikati. Mizunguko 25 bila filimbi. Mwongozaji aliyezoea kujaza huiacha mbio akaenda kwa warusha tufe, na akirudi mtu amekwisha ondoka na kundi limevunjika. Mbio ndefu zilinielimisha kwamba kujaza nako kunaweza kuwa ulevi.

Softiboli ndiyo shule bora, kwa maoni yangu. Kamera ni chache, mara nyingi nne au tano, na nafasi ni za sekunde ishirini hivi kati ya mrusho mmoja na mwingine. Mwanafunzi hujifunza kumtazama mrushaji anavyokamata mpira, mpigaji anavyosogeza mguu, kocha anavyojigusa kofia na kifua kupeleka ishara. Mpira ukipigwa juu, mgeni huinua kamera kuufuata, na nyumbani watu wanabaki na mbingu ya buluu. Mwenye uzoefu humwambia aachane na mpira amtazame mlinzi wa nje. Akikimbia kuelekea uzio, mpira unakwenda mbali. Akisimama na kuinua glavu, picha imekwisha patikana, ni kumvuta karibu tu na kungoja. Anayempa amri hiyo kwenye visikilizio kwa kawaida ni mwanafunzi wa mwaka wa nne, ambaye misimu miwili nyuma alikuwa akibeba nyaya.